Mjomba, nimwandike shemeji kwenye karatasi?

Shikamoo Mjomba,

Nimekuwa nakusoma kimya kimya, ila leo yamenifika shingoni. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dodoma kwenye mtaa mmoja wa pembezoni ambao sitautaja, kwa sababu watu wa hapa wakisoma watanijua hata kwa maneno yangu. Nina genge mbele ya nyumba. Nauza nyanya, vitunguu, mchicha, mlenda mkavu na karanga, na msimu ukifika naweka na zabibu. Asubuhi nakaanga vitumbua.

Ng'ambo ya barabara ya vumbi, mkabala na genge, kuna kiwanja kitupu. Wenyeji wanasema kwenye ramani ya mipango miji ni eneo la wazi, la watoto kuchezea. Katikati pana mwarobaini mkubwa, na kivuli cha Dodoma unakijua Mjomba, ni mali. Asubuhi kivuli kile ni cha watoto wanaokatiza kwenda shule. Mchana ni cha bodaboda. Kuanzia saa kumi jioni ni cha wavuta bangi.

Zamani walikuwa wanateremkia korongoni, huko chini ambako ukipita unaona moshi bila kuona sura. Mvua zilipobomoa kingo za korongo wakapanda juu, na wamekuta huku kuzuri zaidi. Wanasokota mbele ya macho yetu, wanapokezana, wanacheka, simu inapiga muziki. Upepo wa mwezi wa saba hauna adabu, unauzoa moshi wote na kuuleta gengeni kwangu. Juzi mteja ameshika fungu la nyanya, akalinusa, akaniambia, "Mama, hizi nyanya zako zinanuka msuba." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Wiki iliyopita nimemkuta binti yangu wa darasa la kwanza nyuma ya nyumba na mwenzake. Wamechana karatasi ya daftari, wamejaza mlenda wangu mkavu, wamesokota vizuri kabisa, mpaka ncha wameipinda. Anavuta, anafumba macho, halafu anampa mwenzake, anamwambia, "Shika, mwanangu." Nilimchapa. Kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani, nikashindwa hata kupika.

Sasa, Mjomba, mmoja wa wale wa chini ya mwarobaini ni shemeji yangu, mdogo wake baba watoto. Ana miaka 23, tunaishi naye huu mwaka wa pili. Ametokea Mpwapwa, amejifunza kuchomelea, anafanya kibarua kwenye karakana ya mageti. Sitaki nikudanganye, ni kijana mwema. Maji yakikatika anabeba ndoo bila kuombwa, na binti yangu humpeleka shule amemshika mkono. Hajawahi kunijibu vibaya. Ila jioni anavuka barabara, anakaa na wenzake.

Nilipomsema aliinama, akanijibu taratibu: "Shem, ndani kwako sivuti, nakuheshimu. Ila dunia imebadilika. Wajerumani wameruhusu, Sauzi wameruhusu, sisi ndio tumebaki kukamatana kwa majani." Nikakosa la kumjibu. Baba watoto ni dereva wa lori, anaweza kukaa safarini hata wiki tatu. Nikimpigia ananiambia, "Mwache, ni ujana, mradi haibi."

Mwenyekiti wa mtaa ameitisha mkutano Jumamosi ijayo. Kila kaya itapewa karatasi, tuandike kwa siri majina ya wavutaji na wauzaji, yahesabiwe, yapelekwe polisi. Nisipomwandika shemeji na wengine wakamwandika, nitaambiwa naficha mhalifu. Nikimwandika akalala mahabusu, mama mkwe hatanisamehe mpaka kaburini, na baba watoto ndiyo sijui kabisa. Jirani mmoja anasema tusihangaike na karatasi, tumwage oili chafu kwenye mizizi na mawe wanayokalia. Wengine wanataka mwarobaini wenyewe ukatwe.

Nimwandike? Na ule moshi unaweza kuwalewesha wanangu?

Mama Wawili, Dodoma

*

Marahaba, mpwa wangu,

Nianze na binti, maana yeye ndiye aliyekushikisha kalamu. Kumchapa kumeshapita, siwezi kukurudisha nyuma, ila rudi kwake. Mtoto wa darasa la kwanza hucheza anachokiona. Wanaomwona mwalimu wanacheza mwalimu, wanaoona harusi wanacheza harusi, wako wanaona mwarobaini. Hajaharibika. Kilichonisumbua mimi ni hiyo ncha iliyopindwa. Kutoka upande wa pili wa barabara huwezi kuona ncha ya msokoto. Ama mtoto amesimama karibu, ama kuna aliyesokota mbele yake. Mkae wawili, wewe ukichambua mchicha, umuulize bila kumkazia macho: aliona wapi, nani alimwonyesha, kuna mtu amewahi kumtuma kitu dukani au kumpa kitu ampelekee mwingine? Kwenye vijiwe vya namna hii watoto hutumwa, kwa sababu hakuna anayempekua mtoto wa sketi ya shule. Ukisikia ametumwa, hapo hatuzungumzi tena habari ya harufu. Nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au piga 116, ile simu ya msaada kwa mtoto, hailipiwi. Na umwambie asipokee biskuti wala keki kutoka kivulini. Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya imewahi kukamata biskuti zilizotiwa bangi, na mtoto akila ile haijui tofauti, yeye anaona sukari.

Moshi, hapana, hautawalewesha. Moshi wa kiwanja cha wazi, tena kwa upepo wa Dodoma, ukifika gengeni kwako umeshachanganyika na hewa kiasi kwamba kinachobaki ni harufu, na macho kuwasha kwa mwenye mzio. Ingekuwa chumba kimefungwa madirisha na wanne wanavuta ndani, ningekujibu vingine. Nakwambia hivi kwa sababu Jumamosi atasimama mtu mkutanini aseme watoto wetu wanalewa kwa kupita tu, na shemeji yako na wenzake wakisikia hivyo watacheka, kisha hata lile la kweli tutakalosema baada ya hapo hawatalisikia. La kweli umeshaliandika wewe mwenyewe: mtoto anajifunza kwa kuangalia.

Sasa Wajerumani. Hapa nimefurahi, kwa sababu kijana wako amekupa fimbo ya kumchapia mwenyewe.

Ni kweli, Ujerumani iliruhusu bangi kwa watu wazima kuanzia tarehe 1 Aprili 2024. Mtu anaruhusiwa kutembea na gramu 25. Lakini sheria hiyo hiyo inakataza kuvuta mahali ambapo mtu anaonekana kutoka shuleni, kwenye chekechea au viwanja vya watoto vya kuchezea, na kipimo walichoweka ni mita 100. Inakataza kuvuta mbele ya mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Kwenye mitaa ya waenda kwa miguu inakataza kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Kwa hiyo uchukue mwarobaini wako na watoto wako, uuhamishie Berlin: saa kumi jioni, kiwanja cha watoto, watoto wanapita. Shemeji angetozwa faini huko huko alikokimbilia kwa maneno.

Afrika Kusini nayo haikufungulia barabarani. Tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ilisema mtu mzima akivuta faraghani si kosa la jinai. Faraghani. Sheria iliyosainiwa na Rais Ramaphosa mwaka 2024 imeendelea kukataza kuvuta hadharani. Hata Amsterdam, ambako watu wa dunia nzima walikuwa wanakwenda kuvuta, Mei 2023 jiji lilipiga marufuku bangi kwenye mitaa ya katikati ya mji mkongwe, maana wakazi walikuwa wamechoka na harufu na kelele kama ulivyochoka wewe. Thailand iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya mwaka 2022, ikahangaika na watu wanaovutia mitaani, na mwaka 2025 ikarudi kudai cheti cha daktari.

Mwambie haya akiwa amekula, asubuhi, si jioni macho yakiwa mekundu. Mwambie hakuna hata moja kati ya nchi alizozitaja inayomruhusu kukaa pale alipokaa. Mimi huwa nashangaa vijana wetu wanavyojua nchi iliyoruhusu na wasijue iliruhusu nini.

Na hapa kwetu mambo ni mafupi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haijagawa bangi ya ndani na bangi ya nje. Kulima, kumiliki, kuvuta na kuuza vyote ni makosa, uwe chumbani, uwe kiwanjani. Kwa hiyo ile heshima yake ya "ndani kwako sivuti" ni heshima kwako, nami naipokea, ila mahakamani haina kazi. Kinachotofautiana ni uzito. Mwenye kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe hahesabiwi sawa na anayeuza au kusafirisha, ambaye anaweza kupata miaka 30 kwa kilo chache. Tumeshazisikia hukumu za namna hiyo mara nyingi, na wengi waliofungwa ni watu wa umri wa shemeji yako ambao waliambiwa tu, "Nishikie huu mfuko." Hilo naomba umwambie mara mbili.

Wewe pia sheria inakugusa, kwa upande mmoja. Mwenye nyumba au eneo anayejua na kuruhusu lifanywe mahali pa kuvutia anatenda kosa. Kuishi na ndugu anayevuta kwingine ni jambo jingine. Kwa hiyo masharti yako ya nyumbani yawe yale yasiyojadiliwa: hakuna msokoto unaowashwa uani, hakuna unaofichwa chumbani kwake, wala chini ya meza ya genge, wala kwenye mfuko wa koti analolitundika sebuleni. Polisi wakikuta kitu ndani ya nyumba watauliza nyumba ya nani kabla ya kuuliza koti la nani.

Nije kwenye karatasi.

Usimwandike. Na usiandike jina la mtu mwingine ili kumfunika.

Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo, miaka mingi nyuma, mtaa ninaoishi. Tuligawiwa vipande vya karatasi, tukafunikana kama wanafunzi wa mtihani. Walipohesabu, aliyeongoza alikuwa fundi redio mmoja mwenye rasta, mtu ambaye hata sigara havuti, kosa lake nywele. Wa pili alikuwa kijana aliyekuwa amemchukulia mtu mchumba. Muuzaji wenyewe, ambaye mtaa mzima tulikuwa tunamjua mpaka rangi ya kandambili zake, hakupata hata kura moja. Nusu ya wajumbe walikuwa wanadaiwa naye. Karatasi ile haiulizwi swali. Huwezi kuiambia, "Ulimwona lini, saa ngapi, ukiwa wapi?" Polisi makini hawezi kumpeleka mtu mahakamani kwa karatasi, na asiye makini anaweza kuigeuza karatasi kuwa biashara ya kuwatoa watu usiku na kuwarudisha asubuhi wakiwa hawana kitu mfukoni. Na pale katikati wapo wenye mikono myepesi, jina likisomwa tu wanataka kumkamata mtu na kumpiga. Mwenyekiti wa mtaa hana mahabusu wala hana viboko kisheria. Kazi yake ni kuita, kusuluhisha na kupeleka taarifa.

Lakini kutoandika jina si kukaa kimya. Ukipewa karatasi, andika mahali na saa: kiwanja cha mwarobaini, kuanzia saa kumi jioni, njia ya watoto wa shule. Andika anakotokea mwenye mzigo kama umemwona kwa macho yako. Afadhali zaidi, usimame uongee kwa mdomo. Sema mbele ya wote, "Mwenyekiti, mimi nina genge pale, naomba tuzungumze kiwanja kabla hatujazungumza majina." Utashangaa watakaokuunga mkono, na wengi wao wana shemeji wao pale chini, au mtoto wa kumzaa. Unadhani ni wewe peke yako uliyekosa usingizi kwa hiyo karatasi?

Kama unamjua anayeleta mzigo na unaogopa kusikika, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Hapo utaulizwa maswali ya maana, wapi, lini, kwa njia gani, maswali ambayo karatasi haiulizwi. Pia kata nyingi siku hizi zina mkaguzi wa polisi wa kata. Mwalikeni mkutanini aje aeleze mwenyewe, si kupelekewa bahasha.

Ninachoomba mkipiganie kwa nguvu zote ni kiwanja. Mtaa hauwezi kumaliza bangi Jumamosi moja, ila unaweza kukirudisha kiwanja. Muulizeni mtendaji wa kata au afisa ardhi ramani inasemaje. Kama kweli ni eneo la wazi, basi mnalo la kusimamia. Ombeni taa. Kokoteni mabenchi mawili, myaweke upande wa barabara yanapoonekana kutoka pande zote, maana hakuna anayesokota kwa raha huku bibi wa jirani anamenya viazi pembeni yake. Mtafute mwalimu mmoja au kijana anayependa mpira, saa kumi kamili watoto waingie uwanjani, wachore na uwanja wa rede kwa ajili ya mabinti. Mkutano mmoja wa kikoba chenu, au wa kwaya, hamishieni chini ya mwarobaini. Kijiwe cha bangi kinapenda mahali penye kivuli pasipo na mwenyewe. Mkishakuwa wenyewe, watarudi korongoni, na sitadanganya kwamba hilo ni ushindi mkubwa. Bado watakuwa wanavuta. Lakini binti yako hataangalia tena. Na bodaboda wa mchana msiwafukuze pamoja nao. Wale wanatafuta riziki, na ndio watakaokuwa macho yenu mkiwaheshimu.

Kuna sheria nyingine inayosahaulika, ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003, iliyoweka mipaka ya kuvuta sigara ya kawaida kwenye maeneo ya umma. Nimeitaja kwa sababu mkutanini atatokea mzee, sigara mkononi, watoto magotini, akiwalaani wavuta bangi. Mwambieni kwa adabu azime kwanza.

Oili chafu, hapana. Wa kwanza kuikalia watakuwa watoto, kesho yake asubuhi, na sare za shule, na wewe ndiye utakayefua. Kuukata mwarobaini ndiyo hata sielewi mtu anawaza nini. Mji huu umehangaika miaka kupanda miti ili tuwe na Dodoma ya kijani, tunamwagilia miche kwa maji ya madumu, halafu tuukate mti mzima kwa sababu ya wanaoukalia? Mti haujavuta.

Nimalizie na kijana, na hapa sina hakika kama wewe ndiye wa kulibeba. Wewe ni shemeji yake, mnataniana, na neno zito likitoka kwa mtu wa utani huwa jepesi njiani. Hili ni la kaka yake. Mwambie baba watoto kwamba "haibi" si kipimo. Akirudi safari hii asilale kabla hawajakaa wawili nje. Mama mkwe asihusishwe kwa sasa. Amuulize mambo ya kazi: anavuta kabla ya kushika mashine ya kuchomelea? Pale ana umeme mkononi, cheche na mitungi ya gesi, na mageti mazito yanayoning'inia. Tajiri wake akijua, kibarua kimeota nyasi. Amuulize pesa yake inakwenda wapi. Amuulize, hasa, kama katika ukoo wao kuna mtu aliyewahi kuugua akili, maana mwenye damu hiyo, akivuta sana na alianza akiwa mdogo, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuchanganyikiwa. Ubongo wa mtu unaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka 25 hivi, na yeye ana 23.

Na nyinyi nyumbani mwangalieni. Akianza kujifungia, kuzungumza na wasioonekana, kushuku kwamba watu wanamsema, kutolala siku mbili tatu, msisubiri mpaka avunje vyombo na msimpeleke kwanza kwenye maombi ya kufungwa kamba. Mpelekeni Mirembe. Najua, ukitaja Mirembe hapa Dodoma watu wanacheka, tumeligeuza jina la hospitali kuwa tusi la watoto. Ile hospitali ipo tangu mwaka 1927, watu wanatoka mikoa ya mbali kuja kutibiwa, sisi tunaopanda daladala moja tu ndio tunaiogopa. Ina na kituo cha Itega kinachohudumia waraibu. Ila mtu asikudanganye kwamba kuna methadoni ya bangi. Methadoni ni dawa ya watumiaji wa heroini. Mvuta bangi anayetaka kuacha husaidiwa kwa ushauri, kwa kubadilisha vijiwe, na kwa watu wa nyumbani kuvumilia wiki ya kwanza na ya pili, ambapo atakuwa na hasira za karibu, usingizi mbovu na ndoto za ajabu, na hata wali wako hataumaliza. Ukijua mapema hutadhani amekuchukia.

Akikataa kuacha? Ni mtu mzima, huwezi kumfunga kamba. Ila unaweza kumwambia hivi: kuanzia leo, anayempeleka binti yangu shule hakai na wanaovuta mahali ambapo binti yangu anapita. Achague mkono upi anaushika. Sema ukiwa umetulia, usilie, usitaje karatasi wala mwenyekiti. Kwa jinsi ulivyomweleza, anayebeba ndoo bila kuombwa, mimi nadhani hili litamuuma kuliko mahabusu.

Kuhusu nyanya, zioshe kwa maji tu, harufu ya moshi haiingii kwenye nyanya. Yule mteja alikuwa anataka umpunguzie bei.

Mjomba